Chumba Kisichofagiliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji bombani, ambako foleni ya ndoo ilianza kabla ya jua. Ya pili ilikuwa kuwasha moto wa uji. Ya tatu ilikuwa kufagia. Nilifagia chumba chetu, nikafagia kibaraza, nikafika mbele ya mlango wa chumba cha pili na hapo nikasimama. Chumba cha pili hakikufagiliwa. Hata upepo ulipoingiza jani, niliingia nikaliokota kwa mkono.

Jina langu ni Malaika Ngongo. Mwaka huo wa 1996 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tulikuwa tumetimiza mwaka mmoja katika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi. Babu zangu walikuwa wafanyabiashara wa Kindu, lakini mimi nilizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, na ndiko vita vilikotukimbiza. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Wafungwa walipoondoka tukaletwa sisi, na baadhi yetu tulipewa vyumba vya majengo yale ya zamani. Familia yetu ilipata kimoja. Cha pembeni yake kilikuwa gofu, hakina mlango wala paa. Baba alikitengeneza kwa mikono yake, akatafuta mabati makuukuu, akaunga mbao za makreti zikawa mlango. Wasimamizi wakamwambia kwamba chumba ni chake, maadamu ndiye aliyekifufua.

Chumba hicho kilikuwa cha kaka yangu Idrissa. Usinielewe vibaya, Idrissa hakuwahi kukanyaga Dzaleka. Siku tuliyokimbia Buyenzi alikuwa na miaka kumi na saba, na Baba alikuwa amemtuma sokoni kufunga kibanda chetu cha vitambaa. Hakurudi. Tulimngoja Kigoma wiki tatu, tukauliza kila aliyefika, hakuna aliyemwona. Mama alikuwa amebeba mkeka wake na shati lake jeupe la Ijumaa. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyokaa katika chumba kile, mkeka umetandikwa, shati limetundikwa kwenye msumari.

Nyumbani kwetu, msafiri akiondoka, chumba chake hakifagiliwi siku hiyo. Ukifagia unafuta nyayo zake, naye hataiona njia ya kurudi. Watu wengine hungoja siku moja tu. Mama alingoja mwaka mzima. Kila asubuhi alisukuma ule mlango akasema polepole, "Idrissa, tumeamka." Kisha akaufunga. Nasema kweli, kuna siku nilisimama nyuma yake na ndoo kichwani nikingoja mtu ajibu.

Tena chumba chenyewe kilikuwa na mambo yake. Ukutani, karibu na dirisha dogo la nondo, mfungwa wa zamani alikuwa amekwaruza mistari kwa msumari. Ilikuwa mistari thelathini na mmoja, nimeihesabu mara nyingi. Chini yake alichora kuku, tena kuku mbaya, ana mguu mmoja. Sikumjua mchoraji, lakini mara kwa mara nilihisi ananitazama.

Jioni moja ya mwezi wa sita Baba alirudi kutoka soko la Mponela, alikokuwa akiuza kaunjika, yaani nguo za mitumba. Baridi ya wilaya ya Dowa ilikuwa imeingia, ile isiyojali umevaa nini. Tulikula nsima, ugali wa Malawi, na majani ya maboga. Baba akanawa mikono, akasogeza kigoda karibu na moto, nikajua ana neno.

"Mama Idrissa," akasema, "leo nimepita kule wanakopokelewa wageni. Bantu banalala chini ya shitingi, plastiki tupu, na baridi hii. Kuna mwalimu mmoja, Mrundi, anaitwa Nahimana. Iko na baba yake mzee. Ameniuliza kama tuna chumba cha kupanga."

Mama aliendelea kukusanya sahani. "Ukamjibu nini?"

"Nimesema nitauliza nyumbani."

"Basi umeuliza. Hatuna chumba."

"Tuna chumba, mke wangu."

"Kile kina mwenyewe."

Baba akashusha pumzi. "Mi sisemi mwenyewe amekufa. Nasema tuna paa lisilofunika mtu, na kuna mtu asiye na paa. Tena kodi kidogo ingetufaa, batoto hawana hata daftari." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Unafikiri mi napenda? Buyenzi nilikuwa mpangaji miaka kumi na tano. Kila tarehe mosi mwenye nyumba wangu Bisimwa alinigongea mlango kabla sijavaa viatu. Leo eti mimi njo niwe mwenye nyumba, na nyumba yenyewe chumba cha jela."

"Baba Idrissa," Mama akasema, na alilitamka jina hilo kwa kulikaza, "ukimpa mtu mwingine chumba cha mwanangu, umemzika. Na mtu hazikwi bila maiti."

Walizungumza hadi makaa yakafifia. Mwishowe wakakubaliana hivi: kesho mwalimu aje atazame tu. Ijumaa Baba angekwenda Lilongwe, katika ofisi inayotafuta watu waliopotea, kama alivyofanya kila mwezi. Akirudi bila habari, wangeamua kama chumba kitapangishwa. Mama alinyamaza, na kwetu kimya cha Mama kilikuwa njia yake ya kusema labda. Mimi niliogopa. Niliona mkeka wa kaka yangu umekunjwa, shati lake limetiwa mfukoni, na yeye yuko njiani mahali fulani, nyayo zake zinafutwa moja baada ya nyingine.

Kesho yake Mama alikuwa kwenye mgao wa mahindi na Baba yuko Mponela. Nilikuwa peke yangu waliponibishia hodi. Mwalimu Nahimana alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya darasani. Baba yake, Mzee Ndikuriyo, aliegemea fimbo, na kilichonivuta macho ni viatu vyake, kwa sababu alikuwa amevifunga kwa kamba za shitingi.

"Mwanangu, tumeambiwa tunaweza kutazama chumba," mwalimu akasema.

Nikawafungulia. Yule mzee aliingia, akagusa ukuta kwa kiganja, akasema neno la Kirundi, na uso wake ukalegea. Nilielewa kwamba amekipenda. Hapo ulimi wangu ukaanza kazi.

"Mzee, ni vizuri mjue," nikasema. "Chumba hiki kina mtu. Mfungwa alifia humu. Tazama mistari yake, alihesabu siku thelathini na moja akafa. Jua likikaribia kuzama anakohoa."

"Nani amekuambia habari hizo?" mwalimu akauliza.

"Sote tunamsikia," nikajibu, bila hata kupepesa macho.

Mwalimu alinitazama sana, kama anayetafuta kosa kwenye daftari. Lakini baba yake alikwisha kutoka nje. Alisimama kibarazani, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Twende, mwanangu," akamwambia bintiye. "Mimi nina wafu wangu wa kunitosha. Siwezi kulala na wa watu wengine."

Wakaondoka taratibu kuelekea kwenye shitingi lao. Sitawaficha, nilifurahi. Nikarudi ndani nikanyoosha mkeka wa Idrissa.

Ili kazi yangu iwe kamili, nikamweleza rafiki yangu Amanda tulipokuwa bombani.

"Anakohoa vipi?" Amanda akauliza.

"Kwanza mara mbili, kavu. Halafu anapumua kama mtu aliyekimbia. Halafu mara moja tena."

"Usimwambie mtu," Amanda akasema, na kwa Amanda siri haikuwahi kulala. Siku ya pili yake watoto wa jengo letu walikuwa wakizunguka nyuma ili wasipite mlangoni petu. Siku ya tatu, mama mmoja aliyeishi mwisho wa jengo aliapa kwamba amemsikia mfungwa kwa masikio yake mwenyewe.

Na mimi nikaanza kusikia. Alasiri ya Alhamisi nilikuwa kibarazani nachambua maharagwe, na ndani ya chumba kitupu kukawa na sauti. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa sauti ndogo kavu, krr, krr, inakatika, inaanza tena, kama kucha zinazokwaruza mbao. Nilikuwa najua fika kwamba mfungwa yule nimemtunga mwenyewe, na bado niliacha maharagwe yangu nikakimbia.

Nilimkuta Mama ameketi nyuma ya jengo, mikono mitupu mapajani. Mama yangu hakuwa mtu wa kuketi mikono mitupu.

"Malaika," akasema, "umesikia wanavyosema? Kikohozi. Mara mbili, kavu, halafu kupumua, halafu mara moja."

Niliketi kando yake.

"Idrissa alikuwa na kifua tangu utoto. Baridi ikiingia, jioni anakohoa hivyo hivyo. Wee ulikuwa unamuiga, nikikukataza. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Wallahi, nilikuwa nimesahau, nikakumbuka pale pale. Sikukitunga kile kikohozi. Nilikuwa nimechukua kikohozi cha kaka yangu nikampa maiti.

"Mfungwa gani," Mama akasema. "Ni mwanangu. Amekufa, amekuja kuniaga, na mi kila asubuhi nilikuwa namwambia tumeamka." Machozi yalimtoka bila sauti. "Basi kesho baada ya sala ya Ijumaa nitafagia chumba. Halafu tutafute watu watusomee hitma."

Mtu angedhani hapo ningesema ukweli. Ulimi ule uliokuwa mwepesi mbele ya Mzee Ndikuriyo ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilisema tu, "Mama, ngoja kwanza Baba aende Lilongwe."

"Aende. Mi sina la kuuliza tena."

Ijumaa alfajiri Baba alinichukua mimi badala ya Mama, nimsaidie kubeba furushi la nguo la rafiki yake Lwaboshi aliyekuwa akikaa mtaa wa Area 36. Tulidandia matola, pikapu inayochukua abiria, tukafika City Centre ofisi zikifunguliwa. Karani wa ile ofisi ya waliopotea alikuwa kijana mpole. Alipitisha kidole kwenye orodha ndefu, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nilikifuata kile kidole kwa macho.

"Idrissa Ngongo hayumo kwenye waliopatikana," akasema kwa Kiingereza cha taratibu, Baba akanitafsiria. "Wala hayumo kwenye waliothibitika kufa. Njooni tena mwezi ujao."

Baba akasema zikomo, yaani asante, akavaa kofia yake. Karibu na soko la Area 36 akasema tu, "Mama yako amekwisha kuamua kwamba amekufa. Sijui nitamwambia nini." Na bado sikumwambia ukweli.

Lwaboshi alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya mzee Mmalawi, Bambo Kaliwo. Tulimkuta mwenye nyumba huyo uani akiwatupia kuku pumba za mahindi. Kiswahili alikijua, alijifunza Mbeya zamani alipokuwa akiendesha lori. Lwaboshi alituletea viti, akamwambia kwamba tunatoka Dzaleka.

Bambo Kaliwo akaacha kutupa pumba. "Dzaleka sehemu gani?"

"Katika yale majengo ya zamani," Baba akasema. "Mwisho, upande wa mlima. Chumba chetu na kingine tulichokitengeneza."

"Hicho cha mwisho kabisa?" mzee akauliza. "Dirishani kuna nondo nne, moja imepinda? Ukutani kuna mistari?"

Nilisimama bila kujua kwamba nasimama.

"Na kuku," mzee akasema. "Mguu mmoja hakuupata, msumari uliniponyoka ukaangukia nje. Sikupata mwingine."

"Lakini wewe umekufa," nikasema.

Baba akanigeukia kwa mshangao. Bambo Kaliwo hakukasirika. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa upole nani amemuua. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikaeleza yote, mwalimu na baba yake mzee, mistari, kikohozi, Amanda, na Mama aliyeketi mikono mitupu. Nilieleza huku nalia, na Baba alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo lililoniogopesha kuliko kipigo.

"Kwa hiyo," Baba akasema nilipomaliza, "mke wangu yuko nyumbani anamlilia mtoto kwa sababu yako."

"Nilitaka nafasi ya Idrissa isichukuliwe," nikasema.

Bambo Kaliwo aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Kwa nini nilifungwa, hayo tuyaache," akasema. "Ile mistari niliacha siku ya thelathini na mbili kwa sababu kuhesabu kulikuwa kunarefusha siku. Nilikaa miaka sita. Mke wangu hakujua kama niko hai. Nyumba yetu ilikuwa hii hii, ya udongo na nyasi wakati ule. Mwaka wa pili akapangisha chumba chetu cha kulala kwa mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Salima, yeye akahamia jikoni na watoto. Ndugu zangu walimsema vibaya. Wakamwambia amemzika mumewe angali hai."

"Njo maneno ya mke wangu," Baba akasema.

"Nilipotoka nilikuta nyumba za wenzangu wawili waliofungwa nami. Wake zao walizifunga kwa heshima, hakuna aliyelala ndani. Mchwa walikwisha kuzila, kumebaki vichuguu. Yangu ilikuwa imesimama. Yule mchuuzi aliwasha moto kila siku, moshi ukafukuza mchwa, na palipovuja akapaziba kwa sababu maji yalimwangukia yeye. Usiku niliofika alihamisha matenga yake bila kuombwa. Sisi tunasema, nyumba isiyo na moshi ni ya mchwa." Akanielekezea kidole. "Mwanangu, aliyenitunzia mahali pangu ni mpangaji."

Baba hakunywa hata chai. Tulikwenda kutafuta matola mbio mbio, kwa maana sala ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Njia nzima niliona fagio tu. Nilimwona Mama akiinama, akianza pembeni, akivuta vumbi kuelekea mlangoni. Sijawahi kuiona barabara ndefu kama ile.

Tulipoteremka nilikimbia, Baba akiniita nyuma. Mama alikuwa kwenye mlango wa chumba cha pili. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, fagio mkononi, wanawake watatu wa jengo wamesimama naye. Shati jeupe lilikuwa begani mwake.

"Mama, usifagie," nikasema. "Si Idrissa. Hakuna anayekohoa. Nilisema uongo."

Nikaeleza tena, mara hii mbele ya majirani, kila neno likinichoma. Mama alinisikiliza. Sikupigwa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Siku mbili, Malaika. Siku mbili nimemlilia mwanangu kwa ulimi wako. Hata waliotufukuza Buyenzi hawakuniambia amekufa. Wee njo umeniambia."

Nimesikia maneno mengi makali maishani. Hayo bado nayasikia.

Baba akafika akihema, akamweleza habari za ofisi na za Bambo Kaliwo. Mama alisikiliza mpaka kwenye mchwa. Hapo aliingia chumbani, tukaingia nyuma yake. Sauti ile ilikuwepo, krr, krr. Mama akapiga magoti, akashika ncha ya mkeka wa Idrissa, akauinua. Ulitoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa imebaki udongo mtupu, na juu ya udongo mchwa weupe walitawanyika wakikimbia mwanga. Walikuwa wamepanda hadi kwenye nguzo ya mlango alioutengeneza Baba.

Mama alikaa na nusu ya mkeka mkononi, akiupukuta udongo.

"Nilidhani namtunzia," akasema.

Kisha akasimama, akachukua fagio, akafagia. Lakini hakufagia kama watu wote. Alianzia mlangoni akafagia kuelekea ndani, akalikusanya vumbi lote katikati ya chumba, akalichota kwa mikono akalitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka dirishani chini ya ile mistari. Nyayo zibaki nyumbani, akasema. Baba akaleta makaa na majivu, tukawafukiza mchwa mpaka macho yakatutoka machozi, na safari hii kila mtu alilia kwa sababu ya moshi.

"Baba Idrissa," Mama akasema, "kamwite mwalimu."

"Hapana," Baba akajibu. "Aliyewafukuza njo atakayewaita."

Nilikwenda peke yangu. Mzee Ndikuriyo alikuwa amelala chini ya shitingi, blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa akikohoa. Baridi ya siku zile tatu ilikuwa imemkaa kifuani, na bintiye alikuwa akimpa maji ya moto kwa kijiko. Nilipiga magoti nikasema yote. Mwalimu Nahimana hakunisaidia kwa neno hata moja, aliningoja nimalize.

"Kwa hiyo yule mfungwa?" mzee akauliza.

"Yu hai, Mzee. Anakaa Area 36. Anafuga kuku."

Mzee Ndikuriyo alifumba macho, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Huyo ni wa kwanza," akasema alipopata pumzi. "Mwaka mzima huu kila ninayemsikia amekufa. Huyo ni wa kwanza ninayemsikia yu hai."

Mwalimu alifunga kopo la maji. "Malaika, siku ile niliona kwamba unadanganya," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu niliona pia kwamba una uchungu. Lakini uchungu wako umemlaza baba yangu kwenye baridi siku tatu. Ungesema tu, hiki ni chumba cha kaka yangu naogopa akirudi atakikosa, tungeelewana siku ile ile. Ukweli ungetuuma dakika moja."

Jioni hiyo hiyo walihamia. Mapatano yalifanyika kibarazani, Baba akiwa amesimama na kofia mkononi kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuomba. Kodi iwe ndogo. Hatabisha hodi tarehe mosi. Na mwenyewe akirudi, wote watasogea. Mwalimu aliomba shati jeupe libaki kwenye msumari wake, na Mama akalitundika kwa mkono wake.

Mzee aliponywa na zahanati, moto na chai ya tangawizi. Mama ndiye aliyeipika. Kwa majuma mawili, kila jua lilipokaribia kuzama, kikohozi kilisikika ukutani, watoto wa jengo wakatazamana, na Mama akanituma, "Mpelekee mzee chai." Niliipeleka kila siku, na kila siku niliona aibu.

Lakini ninalokumbuka zaidi ni asubuhi ya kwanza. Nilikuwa nimetoka bombani na ndoo kichwani. Mama, kwa mazoea yake, alikwenda kwenye mlango wa chumba cha pili. Akaweka mkono kwenye mbao, akakumbuka kwamba kuna wapangaji, akataka kurudi. Maneno yakawa yamekwisha kumtoka.

"Idrissa, tumeamka."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuingie Dzaleka, ndani ya chumba kile sauti ikajibu.

"Hajafika bado, Mama Idrissa," akasema Mzee Ndikuriyo. "Tunamlindia. Nasi tumeamka salama."

Mama alisimama pale, paji la uso limegusa mbao. Aliponigeukia macho yake yalikuwa na maji, lakini uso wake niliufahamu, ulikuwa uso wake wa Buyenzi, wa kabla ya kukimbia.

"Umesikia, Malaika?" akaniambia. "Ulitaka kumtunzia kaka yako nafasi kwa uongo, ukakaribia kumzika. Uongo ni kama mchwa, hauchagui mkeka wa nani. Nami nilikosea, nilifunga mlango nikadhani ndiyo kumpenda. Ukimngoja mtu, mngoje kwa ukweli, na uwashe moto." Akaniteremshia ndoo. "Haya, chukua fagio. Anza na chumba hiki."